Baiskeli ya Umeme ya Zamani: Kutafuta Hitilafu ya Betri Kabla na Baada ya Kuibadilisha

Baiskeli nyingi za umeme zinazofikishwa kwa fundi kwa maelezo kwamba "betri imekufa" huwa hazijapimwa. Mwenye baiskeli ameshika multimita, ameona volti 40 kwenye vichwa vya betri, akahitimisha kwamba betri ni nzima na kosa liko kwenye mota. Au ameona skrini ikizimika mlimani, akaenda moja kwa moja kununua betri mpya. Hukumu zote mbili zimetolewa mapema mno. Volti za betri iliyotulia hazielezi hali yake, kwa sababu hata betri iliyochakaa hurejea kwenye volti nzuri ikishapumzika. Kipimo chenye maana ni kile kinachosomwa wakati betri inatoa umeme. Na betri mpya ikifungwa kwenye waya zilizooza, kisha ikachajiwa kwa chaja isiyo yake, itaharibika kwa njia ileile iliyoiua ya kwanza.

Maelezo yafuatayo yanahusu mfumo ulioenea zaidi: mota ya wati 250 hadi 350 ndani ya kitovu cha gurudumu, kontrola (kisanduku kinachoongoza umeme kutoka betri kwenda mota) ya volti 36 isiyovuta zaidi ya ampea 15, na betri ambayo ama ni ya lithiamu iliyozeeka, ama ni zile betri tatu za asidi za volti 12 zilizounganishwa kwa mfuatano. Betri ya lithiamu ya volti 36 ina makundi 10 ya seli yaliyofuatana, na kila kundi likijaa hufikia volti 4.2, ndiyo maana jumla yake ni volti 42. Mwenye mfumo wa volti 48 atafuata hoja zilezile, ila kwa makundi 13 na chaji kamili ya volti 54.6.

Maandalizi

Multimita ya kawaida inatosha. Ncha zake zizungushiwe tepu nyeusi ya mafundi umeme mpaka zibaki milimita mbili au tatu tu za chuma, kwa kuwa ndani ya betri ya lithiamu ncha moja ikigusa vituo viwili kwa pamoja hutoa cheche inayoweza kuyeyusha waya mwembamba. Pete, bangili na saa ya chuma vivuliwe kabla ya kufungua kasha. Kosa jingine linaloharibu multimita na kuunguza vidole ni kuacha waya wake kwenye tundu la ampea baada ya kupima mkondo, kisha kuugusisha kwenye vichwa vya betri ukidhani unapima volti; hapo umeunganisha chanya na hasi moja kwa moja. Kila unapomaliza kupima ampea, rudisha waya kwenye tundu la volti kabla hujafanya jambo lingine lolote.

Kifaa cha pili ni mzigo, yaani kitu cha kula umeme wa betri kwa kiwango kinachojulikana. Balbu tatu za taa kubwa za gari, za volti 12 na wati 55, hupatikana katika kila duka la vipuri na hufanya kazi hii vizuri. Zikiunganishwa kwa mfuatano, kila moja hupata kati ya volti 12 na 14, kiasi kilekile inachokipata ndani ya gari, na zote kwa pamoja huvuta karibu ampea 4.5 hadi 5. Kwa mfumo wa volti 48 tumia balbu nne. Ziwekwe juu ya kigae au sakafu ya saruji, kwa maana hupata moto mkali, na zisiguswe mpaka zipoe.

Skrini inaonyesha nusu, lakini baiskeli inazimika mlimani

Hii ndiyo dalili inayopotosha watu kuliko zote. Kwenye tambarare baiskeli inakwenda vizuri. Ukifika kwenye mwinuko, au ukiondoka kwa nguvu taa ya barabarani inapoingia kijani, kila kitu kinazimika. Ukizima na kuwasha, inarudi kana kwamba hakuna lililotokea.

Kinachotokea ni hiki. Kila betri ina ukinzani wa ndani, na ukinzani huo hukua kadiri seli zinavyozeeka. Mkondo unapoongezeka, volti hushuka kwa kiasi kinachopatikana kwa kuzidisha ampea kwa ukinzani huo. Kontrola za volti 36 kwa kawaida hukata umeme zikiona volti zimeshuka hadi 31 au 32, ili kuilinda betri isikaushwe. Kwa hiyo betri haijaisha. Volti zake zimezama kwa muda mfupi chini ya mstari wa kontrola, na mkondo ulipokoma zikapanda tena.

Pima hivi. Chaji betri, iache itulie kwa saa moja, soma volti. Unganisha balbu, subiri nusu dakika, soma tena huku balbu zikiwaka. Tuseme mwanzo ulisoma 40.5 na sasa unasoma 39.8: volti 0.7 zimepotea kwa ampea 5, yaani ukinzani wa omu 0.14, na betri hiyo ni ya kuaminika. Lakini kama usomaji wa pili ni 38.0, volti 2.5 zimepotea kwa ampea hizohizo 5, na ukinzani ni omu 0.5. Mlimani, ambako kontrola inavuta ampea 15, upotevu huo utakuwa volti 7.5. Betri hiyo ikiwa imefika nusu, ikionyesha volti 37 ikiwa imetulia, itashuka hadi 29.5 chini ya mzigo, na kontrola itakata bila kusita. Skrini haikukosea ilipoonyesha nusu. Ilisoma volti za wakati wa utulivu.

Kabla ya kuitupa betri hiyo, tafuta kama ukinzani umeenea kwenye makundi yote au umejikusanya kwenye moja. Ndani ya kasha, kutoka kwenye bodi ya ulinzi ambayo mafundi wengi huiita BMS, kuna waya nyembamba 11 zinazokwenda kwenye makundi 10 ya seli. Weka ncha nyeusi ya multimita kwenye hasi ya betri na ncha nyekundu uihamishe waya kwa waya: utasoma 4, 8, 12 na kuendelea, na tofauti kati ya usomaji mmoja na unaofuata ndiyo volti za kundi husika. Fanya hivyo mara mbili, betri ikiwa imetulia na balbu zikiwaka. Katika betri iliyozeeka sawasawa, makundi yote hushuka kwa kiasi kinachofanana. Mara nyingi, hata hivyo, utakuta makundi tisa yameshuka kutoka 3.95 hadi 3.85, na la kumi limeporomoka kutoka 3.9 hadi 3.1. Kundi hilo moja ndilo linaloiangusha betri nzima, kwa sababu bodi ya ulinzi hukata kundi lolote likishuka hadi karibu volti 2.8, hata kama mengine tisa yana nguvu tele.

Je, inafaa kubadilisha kundi hilo pekee? Nina msimamo kuhusu hili. Kama betri ina miaka miwili au mitatu na makundi mengine yamepimwa yakaonekana mazima, fundi mwenye mashine ya kuunganishia mabati ya nikeli kwa nukta anaweza kulibadilisha, mradi seli mpya ziwe na ujazo unaokaribiana na ule uliobaki katika makundi mengine. Kama betri ina umri mkubwa zaidi ya huo, kundi jingine litafuata punde, nawe utakuwa umelipa gharama ya ufundi mara mbili. Seli zisilehemiwe kwa risasi na pasi ya kawaida moja kwa moja juu ya vichwa vyake, kwani joto lile huharibu vizibo na utando uliomo ndani.

Ikiwa volti zinabaki imara hata chini ya mzigo na bado baiskeli inakatika, acha betri. Angalia swichi zilizomo ndani ya mikono ya breki, ambazo kazi yake ni kuisimamisha mota unapofunga breki. Ikinasa moja tu, mota haitazunguka hata ukiwa na betri ya aina gani.

Chaja inawasha taa ya kijani mara tu inapochomekwa

Anza na chaja yenyewe, ikiwa haijaunganishwa na betri. Kwa betri ya lithiamu ya volti 36 inapaswa kutoa volti 42, ikikosea kwa sehemu mbili au tatu za kumi tu. Ikitoa sifuri, tatizo limepatikana. Hapa kuna jambo linalowapata wanaonunua baiskeli za mitumba kutoka Japani, nchi ambayo Yamaha ilianza kuuza baiskeli zake za PAS mwaka 1993 na ambako baiskeli za aina hii ni nyingi sana: umeme wa majumbani huko ni wa volti 100. Chaja ambayo kibandiko chake kinasema 100 pekee ikichomekwa kwenye soketi ya volti 230 ya Tanzania au 240 ya Kenya huungua papo hapo. Soma kibandiko kabla ya kuchomeka. Kama hakisemi 100 hadi 240, utahitaji transfoma ya kushusha umeme. Baiskeli hizo, pamoja na zile za mfumo wa Bosch kutoka Ulaya, zina shida nyingine pia, nayo ni kwamba betri huwasiliana na mota kwa data, na betri ya kutengenezwa mtaani haitambuliwi. Kwa baiskeli ya namna hiyo, tafuta betri ya kampuni husika au fundi atakayebadilisha seli bila kugusa bodi yake.

Chaja ikiwa nzima, kagua fyuzi ya kuchajia na tundu la kuchajia, ambalo kiini chake hulegea kwa kuchomekwa na kuchomolewa kila siku. Vikiwa salama, pima makundi. Kijani cha mapema mara nyingi humaanisha kwamba kundi moja limefikia kilele kabla ya wenzake na bodi ya ulinzi imefunga mlango. Kwa mfano, kundi moja liko 4.25 na mengine tisa yako 3.95, jumla ni volti 39.8, na betri haitavuka hapo hata ukiiacha usiku kucha. Ukiona betri yako inatoka kwenye chaja ikiwa na 39 au 40 badala ya 42 kasoro kidogo, shuku jambo hili.

Bodi za bei nafuu husawazisha makundi kwa kupunguza lililozidi kwa mkondo mdogo sana, kama ampea 0.05. Kundi lililozidi kwa ampea-saa 1, yaani ampea moja kwa muda wa saa moja, litahitaji saa 20 za kusawazishwa, nalo husawazishwa pale tu linapokuwa karibu na kilele. Kwa hiyo mvumilivu anaweza kuiacha betri kwenye chaja kwa siku kadhaa mchana, akiwa karibu nayo, akapima tena kila jioni. Tofauti ikipungua, vizuri. Isipopungua, au ikirudi baada ya safari chache, kuna kundi linalovujisha chaji yake ndani kwa ndani, na betri hiyo haifai kuachwa ikichajiwa bila mtu.

Betri inasoma sifuri

Vichwa vya nje vikisoma sifuri au volti chache zisizo na maana, bodi ya ulinzi huenda imekata, na ndani seli zikawa nzima. Fungua upime makundi. Yote yakiwa juu ya volti 3, unganisha chaja kwa dakika chache, kwa sababu bodi nyingi hufunguka zikihisi chaja. Isipofunguka, bodi imekufa au waya umekatika, na bodi mpya ya makundi 10 si ghali.

Lakini kundi lolote lililo chini ya volti 2 lisifufuliwe. Najua wapo mafundi wanaolisukumia umeme kidogo kidogo kutoka chanzo kingine mpaka bodi ikubali, na baiskeli ikaondoka ikitembea. Seli iliyokaushwa kiasi hicho inaweza kuwa imeyeyusha shaba iliyomo ndani yake, na shaba hiyo inapoganda upya wakati wa kuchaji huweza kuunganisha pande mbili za seli na kuleta moto, tena wakati watu wamelala. Vivyo hivyo kwa betri iliyovimba, au inayotoa harufu tamu yenye ukali unapofungua kasha: itoe nje ya nyumba siku hiyohiyo.

Inakatika kwenye matuta, au plagi inapata moto

Hapa mara nyingi betri haina kosa. Baiskeli ikizimika kwenye matuta na mashimo tu, tikisa kila kiunganishi huku multimita ikiwa imeunganishwa, ukianzia kwenye meno ya reli ambamo betri huteleza, kisha kishika fyuzi. Katika miji ya pwani, hewa ya chumvi huifanya shaba iote kutu ya kijani, na kutu hiyo huingia hadi ndani ya ganda la plastiki la waya, ambako jicho halifiki.

Kipimo chake ni rahisi na watu wachache hukitumia. Balbu zikiwa zinawaka, weka ncha moja ya multimita upande mmoja wa plagi na ncha ya pili upande wa pili wa plagi hiyohiyo, kwenye waya uleule mwekundu. Kiungo kizima kitasoma volti 0.02 au pungufu. Ukisoma 0.3, basi kiungo hicho kina omu 0.06, na kontrola ikivuta ampea 15 kitakuwa kinatoa wati zaidi ya 13 za joto, sawa na pasi ndogo ya kulehemu iliyofichwa ndani ya plastiki. Kata plagi hiyo, chuna waya mpaka uone shaba inayong'aa, ulehemu mpya aina ya XT60.

Dalili zinazojitokeza baada ya kuhama kutoka asidi kwenda lithiamu

Faida ya kuhama inaonekana mara moja: betri tatu za asidi za ampea-saa 12 hufikia kilo 12 au zaidi, ilhali betri ya lithiamu ya ampea-saa 10, yenye seli 40 za ukubwa wa 18650 (kipenyo milimita 18, urefu milimita 65), haizidi sana kilo 2.5 pamoja na kasha lake. Isitoshe, betri ya asidi ikikamuliwa kwa saa moja haitoi ampea-saa zote zilizoandikwa, kwa kuwa nambari ile mara nyingi hupimwa kwa kuikamua polepole kwa saa 20. Kwa hiyo ampea-saa 10 za lithiamu kwa kawaida hukufikisha mbali kuliko 12 za asidi.

Chaja ya zamani iondolewe nyumbani kabisa. Chaja ya betri za asidi za volti 36 hupanda hadi volti 43 au 44, na lithiamu ya makundi 10 haitakiwi kuvuka 42. Kinachobaki kuizuia ni bodi ya ulinzi pekee, na siku bodi hiyo ikishindwa, hakuna kizuizi kingine.

Skrini itaanza kusema uongo, nalo halina tiba zaidi ya kulifahamu. Ilipangwa kuona betri za asidi, ambazo zikijaa husimama kwenye volti 38.5 hivi. Lithiamu ikifika hapo imeshatumia thuluthi moja au zaidi, lakini skrini bado inaonyesha imejaa. Volti-mita ndogo ya kufunga kwenye usukani itakupa ukweli.

Baiskeli ikizimika kila unapoondoka ingawa betri ni mpya, linganisha ampea za bodi ya ulinzi na za kontrola. Bodi ya ampea 15 kwa kontrola ya ampea 15 haina nafasi ya kupumua. Chukua ya 25 au 30. Cheche kubwa unapounganisha betri ni ya kapasita za kontrola (vipande vidogo vya kuhifadhi umeme) zinazojaa kwa ghafla. Haiashirii hitilafu, ila hula vichwa vya plagi. Gusisha kwanza kupitia rizista ya omu 100 kwa sekunde mbili, kisha unganisha. Na kabla ya hapo hakiki chanya na hasi kwa multimita, usiamini rangi za waya, kwa sababu kontrola iliyounganishwa kinyume haitengenezeki kwa urahisi.

Anayetaka kupanda kutoka volti 36 hadi 48 kwa kontrola ileile aifungue asome kapasita zake. Zikiwa na maandishi ya volti 63, kuna uwezekano. Zikiwa za 50, zitapasuka, kwa kuwa betri mpya iliyojaa ina 54.6.

Kuipima betri mpya kabla ya kumwamini muuzaji

Seli bandia ni nyingi sokoni. Seli ya 18650 iliyoandikwa miliampea-saa (mAh) 9900 ni ya uongo bila haja ya kuipima, kwa maana seli nzuri za ukubwa huo huwa kati ya 2500 na 3500. Mizani ya jikoni ya kidijitali husaidia pia: seli halisi huwa na gramu 45 hadi 48, na iliyo chini ya 40 haina cha kutosha ndani yake.

Betri iliyokwisha kufungwa hupimwa kwa saa na balbu. Ijaze hadi 42, iache itulie, kisha washa balbu na uandike muda. Pima ampea mwanzoni, katikati na mwishoni, kila mara kwa sekunde chache tu, kwani tundu la ampea 10 la multimita nyingi halivumilii zaidi ya hapo. Soma volti kila dakika 15, na kila dakika 5 zikishafika 34, kwa kuwa mwishoni hushuka kwa kasi. Zikigusa 32, zima. Wastani wa ampea 4.7 kwa saa mbili kamili ni ampea-saa 9.4, na kwa betri iliyouzwa kama ya 10 hayo ni matokeo mazuri. Ni kama wati-saa 340, ambazo kwa mtu anayekanyaga pedali kidogo kwenye tambarare, akitumia wati-saa 10 hadi 15 kwa kilomita, zitamfikisha kilomita 22 hadi 34.

Ikiwa iliuzwa kama ya 15 na balbu zikazimwa baada ya saa moja na dakika 20, ujazo wake ni ampea-saa 6 na kidogo. Irudishe ukiwa na karatasi yenye muda, volti na ampea ulizoandika, na umwombe muuzaji arudie kipimo hichohicho mbele yako kwa balbu zilezile.